Mchanga wa tangi la maji ya chumvi: namna ya kuusafisha bila kuwadhuru samaki

Jumapili moja jioni kijana wa mtaani kwetu, hapa Mombasa, alinipigia simu huku sauti ikimtetemeka. "Kaka, samaki wote wako juu, wanatweta." Nikamuuliza amegusa nini. "Nimeosha mchanga tu. Huko chini ulikuwa umeanza kuwa mweusi, nikauchimbua wote mpaka nikaona kioo." Nikamuuliza kama anasikia harufu yoyote. Akanyamaza, nikamsikia akivuta pumzi puani. "Ya yai viza."

Tangi lile lilikuwa na miaka mitatu, na mchanga wake ulikuwa na kina cha sentimita nane. Hadi usiku wa manane tulikuwa tumeokoa samaki wawili kati ya saba. Kijana yule si mvivu, na ndicho kilichoniuma. Alifanya kazi nzuri siku moja, yote kwa mkupuo, katika mahali ambapo kazi ile hutakiwa kufanywa kwa mafungu kwa muda wa wiki nyingi. Tangu siku ile nimeeleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno; leo naliandika lote.

Kilichomo ndani ya mchanga

Mchanga wa tangi la maji ya chumvi si pambo la chini. Ni makazi. Katika milimita chache za juu, ambako oksijeni inafika, wanaishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti ni sumu. Nitrati ina nafuu, ila ikilimbikana huchochea mwani na kuyadhoofisha matumbawe. Chini kidogo oksijeni inapungua, na hapo bakteria wengine wanaipata kutoka kwenye nitrati yenyewe, wakiiacha naitrojeni itoke kama gesi. Ukichungulia kupitia kioo wakati mwingine utaona vipovu vidogo vimenaswa katikati ya punje. Hiyo ni kazi yao, usiihangaikie.

Chini zaidi, ambako hata nitrati imekwisha, kuna bakteria wanaotumia salfeti, na maji ya bahari yana salfeti tele. Hao hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikikutana na chuma hugeuza mchanga kuwa mweusi. Gesi hiyo ikibaki huko chini haimdhuru mtu; ikipanda polepole hukutana na oksijeni njiani na kuisha makali. Ukiifumua yote kwa dakika kumi, inaingia kwenye maji pamoja na uchafu uliolala miaka, oksijeni inaliwa, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana.

Baharini kazi hii haina siku maalumu. Mawimbi yanaugeuza mchanga, bamvua inaleta maji na kuyaondoa, mkundaji anachokora kwa ndevu zake akitafuta vijidudu, majongoo bahari wanaumeza mchanga upande mmoja na kuutoa upande wa pili ukiwa safi. Hata mchanga mweupe wenyewe, sehemu yake imepita tumboni mwa pono, anayetafuna matumbawe mchana kutwa kisha usiku akalala ule usingizi wake tunaousimulia. Tangini hakuna bamvua wala mkundaji. Kazi yao yote imebaki mikononi mwako, na namna ya kuifanya ni ile ile yao: kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu, bila kukoma.

Ujue mchanga wako kwanza

Chukua rula, uiweke nje ya kioo, upime kina cha mchanga katika sehemu nne au tano. Pima mbele, nyuma na pembeni, kwa sababu pampu huusukuma mchanga na mara nyingi nyuma ya mawe unakuta umejirundika mara mbili ya mbele.

Ukiwa chini ya sentimita tano, mchanga wako ni wa kina kifupi, na mwongozo huu unakufaa moja kwa moja. Ukizidi sentimita kumi, huo ni mchanga wa kina kirefu uliokusudiwa kuondoa nitrati wenyewe; huo hauchimbuliwi kabisa, unasafishwa juu tu. Profesa Jean Jaubert, aliyefanya utafiti wake Nice na Monaco, aliufanya mtindo wa aina hiyo ujulikane katika miaka ya 1980, akiweka nafasi ya maji matupu chini ya mchanga. Kinachosumbua ni kina cha katikati, kati ya sentimita tano na kumi. Hakitoshi kuwa kirefu, na ni kingi mno kukinyonya kwa usalama. Ukiwa nacho, kaa nami hadi chini, nina maelezo yako.

Kisha tazama punje. Punje za milimita moja hadi mbili ndizo rahisi kuliko zote: nzito kiasi cha kutopanda mpirani, ndogo kiasi cha kutomeza chakula. Mchanga laini kama unga unapendeza macho lakini unaruka kwa mguso mdogo. Vipande vikubwa vya matumbawe yaliyosagwa vina kasoro kubwa zaidi, nayo ni kwamba kinyesi kinadumbukia katikati yake na hukioni. Watu wengi wenye nitrati isiyoshuka, ukiwauliza, wana vipande hivyo.

Kama mchanga uliupata pwani na hujui ni wa aina gani, weka kijiko kimoja kikavu kwenye sahani, ukimiminie siki. Mchanga wa matumbawe, ule mweupe kama wa Diani, utachemka na kutoa povu kwa sababu ni kalsiamu kaboneti, nao huisaidia alkali ya maji kidogo. Mchanga wa Malindi una chembe nyingi zilizoletwa na Mto Sabaki kutoka bara, ndiyo maana ni wa hudhurungi na unameta juani. Huo mimi siuweki tangini. Na popote ulipo, ndani ya hifadhi za bahari kama Mombasa, Watamu, Malindi, Kisite au Mafia, usitoe kitu, hata gamba tupu la konokono.

Vifaa, na mpira wa kunyonyea wa kutengeneza nyumbani

Unahitaji ndoo mbili za lita 20 ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, mpira wa maji wenye uwazi wa milimita 12 hivi na urefu wa mita mbili, bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, chujio la plastiki, taulo mbili, na kifaa cha kupimia chumvi. Andika jina kwenye ndoo kwa rangi isiyofutika. Nyumbani kwetu ndoo iliyoandikwa "samaki" haifui nguo.

Kichwa cha kunyonyea kinauzwa, lakini cha chupa kinafanya kazi sawasawa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ukate kitako chake kwa kisu kikali, usawazishe ukingo ili usikwaruze. Toboa kizibo kwa msumari uliopashwa moto, upanue tundu taratibu mpaka mpira upite kwa kubana, usukume sentimita mbili ndani, ufunge kizibo. Basi. Upande mpana unaingia mchangani, upande wa kizibo unapeleka maji ndooni.

Siri iko kwenye tofauti ya upana. Ndani ya chupa maji yanapanda polepole, ndani ya mpira yanakwenda mbio. Punje nzito hupanda hadi katikati ya chupa, zikacheza kama maharage kwenye sufuria inayotokota, zikarudi chini. Mashapo mepesi ya rangi ya kahawa yanaendelea kupanda hadi shingoni na kupotea. Ukiona punje zinakaribia shingo, bana mpira kwa vidole, mkondo unapungua, punje zinashuka. Baada ya mara mbili tatu vidole vyako vitajua vyenyewe.

Maji ya kurudishia

Usianze kunyonya kabla maji mapya hayajawa tayari. Kwa tangi langu la lita 200 natoa lita 20 hadi 25 kila mara, yaani kama sehemu moja ya kumi, na zaidi ya lita 30 sitoi isipokuwa kwa dharura.

Kama unatumia chumvi ya dukani, tumia ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu, magnesiamu wala madini mengine. Lengo ni gramu 35 kwa kila lita, kwa hiyo lita 20 zinahitaji gramu 700 na zaidi kidogo, kwa sababu chumvi hiyo huwa imeshika unyevu. Ikoroge kwa pampu ndogo usiku kucha, kisha pima. Kifaa kikisoma 1.025 au 1.026 kwenye joto la nyuzi 25, umefika. Maji ya bomba yana klorini na mara nyingi fosfati. Ukiweza pata yaliyochujwa kwa mashine ya kusafishia maji ya kunywa, ile inayoondoa hadi madini.

Sisi wa pwani tuna njia nyingine, ya kuyachota baharini. Inafaa, kwa masharti. Chota maji yakiwa yamejaa kabisa, bora wakati wa bamvua, mahali palipo wazi, mbali na bandari, mitaro, mito na mabomba ya mahoteli. Siku za masika acha kabisa. Maji matamu ya mvua yanashusha chumvi na yanasomba kila kilicholala mjini. Yapitishe kwenye kitambaa kizito, uyafunike gizani siku kadhaa, uyapime chumvi, uyape hewa kwa pampu saa chache kabla ya kuyatumia. Kwa njia yoyote, joto la maji mapya lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi moja.

Siku yenyewe

Asubuhi ni bora kuliko usiku. Ukikosea una mchana mzima wa kurekebisha, na taa zinakuonyesha samaki wanavyopumua.

Pima nitrati, na fosfati kama una kipimo, uandike. Osha mikono hadi kwenye viwiko kwa maji tu, uondoe losheni, manukato na dawa ya mbu. Kama una jeraha mkononi, vaa glavu ndefu au ahirisha. Kuna bakteria wa majini wanaoingia kupitia mchubuko na kuacha vidonda vinavyochukua miezi kupona.

Zima hita na uiache ipoe kwa dakika kumi na tano kabla maji hayajashuka, kwa sababu kioo chake kikipigwa na hewa kikiwa moto hupasuka. Kisha zima pampu zote na kifaa cha kuongeza maji kiotomatiki. Ukikisahau, kitajaza maji yasiyo na chumvi wakati wewe unatoa yenye chumvi. Chomoa plagi, usiishie kwenye swichi.

Kukwangua kioo hutangulia mchanga, maana mwani unaokwanguliwa huanguka chini na utaunyonya pamoja na mengine. Lakini sumaku ya kusafishia isimamishe sentimita mbili juu ya mchanga. Punje moja tu ikinaswa kati ya sumaku na kioo huchora mstari usiofutika maisha yote ya tangi. Pale chini kabisa tumia kadi kuukuu ya plastiki, kwa mkono.

Halafu mawe. Jaza bomba la sindano maji ya tangi, uyapulize kwa nguvu kwenye mianya. Mara ya kwanza utashtuka: wingu la vumbi la kijivu litatoka kwenye kila tundu. Pita mawe yote, kisha subiri dakika tano mavumbi yatue. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa mchanga waliousafisha Jumamosi umechafuka tena Jumanne. Uchafu ulikuwa juu yake, mgongoni mwa mawe.

Sasa mchanga. Gawa sakafu ya tangi sehemu tatu akilini mwako, au bandika vipande vya gundi ya karatasi nje ya kioo. Leo unasafisha sehemu moja tu. Mbili zilizobaki zinabaki na bakteria wao wote, na ndizo zitakazolishika tangi wakati hii inajirekebisha.

Usivute maji kwa mdomo. Baadhi ya matumbawe laini tunayoyafuga, hasa jamii ya Palythoa, yana sumu kali iitwayo palitoksini, na maji ya uchafu si kitu cha kuonja hata kama hayana sumu. Zamisha mpira wote tangini hadi hewa itoke, ziba ncha ya nje kwa kidole gumba, ishushe ndooni, achia. Maji yatashuka yenyewe.

Chomeka mdomo wa chupa wima ndani ya mchanga hadi kina cha sentimita mbili, tatu ukipenda kama mchanga una nne. Subiri. Utaona punje zinapanda, zinazunguka, na uzi wa rangi ya kahawa unajitenga nazo na kukimbilia juu. Uzi ukififia na maji yakawa karibu meupe, bana mpira, inua chupa, punje zote zirudi mahali pake, sogea upana mmoja wa chupa, chomeka tena. Usikokote chupa ikiwa ndani ya mchanga kama jembe. Kukokota kunarusha vumbi kila upande na kuwafukia konokono. Usichimbe chini ya mawe pia. Jiwe likikosa msingi litaporomoka, na likiporomokea kioo hutakuwa na tangi.

Kama mchanga wako ni ule laini kama unga, njia ya kuchomeka haitakufaa. Shikilia mdomo wa chupa sentimita moja juu ya mchanga, unyonye ule utando wa juu tu, huku mkono mwingine ukipunga maji taratibu kwa vidole kuunyanyua uchafu.

Ndoo ikijaa, acha. Hata kama pamebaki pachafu, hata kama mkono umeshanogewa. Kinachoamua mwisho wa kazi ni kiasi cha maji.

Kabla ya kumwaga, iache ndoo itulie, uimulike kwa tochi ya simu. Karibu kila mara kuna kiumbe ndani: konokono mdogo kama punje ya mchele, mnyoo, vijidudu vinavyofanana na kamba wadogo wakiruka pembeni. Wachote kwa chujio uwarudishe. Hao ni wafanyakazi wako. Nusa pia ile ndoo. Harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa ni ya kawaida; ya yai viza ni ilani kwamba hapo ulipochimba hapakuwa salama, na wiki ijayo upite juu juu.

Rudisha maji mapya polepole, ukiyamimina juu ya sahani uliyoilaza mchangani ili yasichimbe shimo. Hita irudi baada ya maji kuifunika, kisha pampu moja moja. Weka pamba mpya ya filta ikamate vumbi lililobaki, na uitoe kesho yake, kwa maana pamba chafu ikikaa siku nne inageuka kiwanda cha nitrati. Maji yatakuwa na ukungu kwa saa mbili tatu. Yakibaki na ukungu hadi kesho, ulichimba sana.

Wiki ijayo, au baada ya wiki mbili kama samaki ni wachache, sehemu ya pili. Kisha ya tatu. Halafu unarudi ulipoanzia.

Rangi juu ya mchanga

Si kila doa huondoka kwa mpira, na moja huzidi ukilisafisha.

Unga wa kahawia kwenye tangi lenye umri wa wiki chache ni diatomu, mwani mdogo sana wa chembe moja. Wanakula silika iliyomo kwenye maji na mchanga mpya, ikiisha wanakwisha. Nyonya juu juu, uvumilie. Utando mwekundu au wa zambarau unaonyanyuka mzima mzima kama karatasi iliyolowa, wenye vipovu, ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Unyonye wote kabla ya kitu kingine, uongeze mwendo wa maji mahali hapo, upunguze chakula. Mara nyingi unaota pale ambapo mkondo haufiki, kwa hiyo kugeuza pampu kidogo kunasaidia kuliko dawa.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi na vipovu nchani, inayoenea mchana na kupungua sana asubuhi kabla ya taa, ni habari nyingine. Hao huenda ni dinoflajelata, viumbe wadogo sana wa chembe moja. Chota kiasi kwenye chupa yenye maji ya tangi, itikise kwa nguvu mpaka kamasi isambaratike, uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, uyaweke yale maji karibu na taa. Nyuzi zikijisuka upya ndani ya saa moja hivi, ndio wenyewe. Hawa mara nyingi hushamiri kwenye matangi masafi kupita kiasi, ambako nitrati na fosfati zimefika sifuri na washindani wao wamekufa njaa. Ukizidi kuuosha mchanga unawapa uwanja. Acha kuchimba, acha kubadilisha maji kwa muda, ongeza chakula kidogo hadi nitrati ionekane tena kwenye kipimo, na uache mawe yaote mwani wa kawaida. Niliuelewa ukweli huu baada ya miezi minne ya kuosha kila siku na kuona hali ikizidi kila siku.

Mistari ya kijani na mieusi unayoiona kwenye kioo chini ya usawa wa mchanga isikutie hofu. Mwanga unapita kiooni na kuotesha mwani hapo. Katikati ya tangi hakuna hali hiyo. Ukitaka, bandika utepe mweusi kwa nje.

Viumbe wa kukusaidia

Konokono wa jamii ya Nassarius ndio ninaowapenda kuliko wote. Mchana wamezikwa, pua tu ndiyo inayochomoza. Tia punje ya chakula na ndani ya dakika moja mchanga mzima unafufuka, wanatoka kila kona. Wanapochimba wanaugeuza mchanga taratibu, kiasi kile kile unaouhitaji. Kumi wanatosha kwa lita 200.

Wale samaki wadogo wa jamii ya Valenciennea, wanaotafuna mchanga na kuutoa mashavuni, wanaung'arisha ukawa kama theluji. Lakini hawachagui, wanamwaga mchanga juu ya matumbawe, wanaruka nje ya tangi lisilo na kifuniko, na katika tangi dogo vijidudu vinakwisha, samaki anakonda mbele ya macho yako. Kama huna muda wa kumlisha mara kadhaa kwa siku, mwache. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, anayejizika mchangani ana kasoro hiyo hiyo na mbaya zaidi, kwa sababu anakufa njaa kimya kimya huko chini na hujui. Jongoo bahari husafisha vizuri mno, ila akifa au akinyonywa na pampu, baadhi ya aina zao hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote. Ziba mdomo wa pampu kwa sponji kabla hujamleta.

Mchanga wa zamani ulioachwa

Nirudi kwa wenye sentimita tano hadi kumi, au walionunua tangi la mtu mwingine na hawajui lini liliguswa. Mchanga huo usiusafishe. Upunguze. Kila wiki, wakati wa kubadilisha maji, nyonya na kutupa kabisa mchanga wa sehemu ndogo isiyozidi moja ya kumi ya sakafu, kwa mpira mtupu usio na chupa, ili mchanga na uchafu na gesi vyote vitoke kwa pamoja na kwenda ndooni bila kupitia kwenye maji ya samaki. Weka mkaa maalumu wa filta, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote. Sehemu uliyoiondoa iache tupu wiki mbili, kisha ukitaka weka mchanga mpya uliooshwa, sentimita tatu tu, ukiushusha ndani ya mfuko wa plastiki hadi chini kabla ya kuumwaga. Kazi nzima inachukua miezi miwili na nusu hadi mitatu. Mchanga unaotaka kuubakiza usiuoshe kwa maji ya bomba. Klorini itaua bakteria wote uliowatunza. Tumia maji machafu yaliyotoka tangini.

Na kama harufu imeshatoka? Acha kuchimba hapo hapo. Washa pampu zote, elekeza moja juu ili maji yavunjike, weka mawe ya hewa, fungua madirisha. Kama una maji ya chumvi tayari, hamishia samaki kwenye ndoo zenye hewa. Kama huna, badilisha kiasi chochote ulicho nacho. Weka mkaa mpya wa filta. Haidrojeni salfaidi haidumu kwenye maji yenye oksijeni nyingi, kwa hiyo hewa ndiyo dawa ya kwanza. Kwa wenzangu ambao umeme hukatika bila taarifa, pampu ya hewa ya betri iwe na chaji kabla hujagusa mchanga wowote, hata ule wa sentimita tatu. Usilishe siku hiyo. Kesho yake asubuhi pima amonia, kesho kutwa pima tena, na mchanga usiuguse kwa wiki mbili.

Yule kijana sasa ana sentimita tatu za mchanga na vipande vitatu vya gundi ya karatasi kwenye kioo chake cha mbele, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ndoo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai nyepesi, na konokono mmoja alikuwa akipanda ukingoni.